Mlango Hausomi Vyeti

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, Mama aliunyanyua mlango wa jikoni. Kuufungua tu hakukutosha. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea siku nyingi, mlango umeinamia upande mmoja kama mlevi, na asiyeunyanyua kwa mikono miwili aliukwaruza sakafuni kwa kelele zilizoamsha hata majirani.

Binti yake alikuwa mezani akifunga viatu vya shule. Nyumbani na shuleni walimwita Mabua. Jina hilo alipewa na bibi yake, aliyesema kwamba hasira za mtoto huyu ni moto wa mabua: zinawaka ghafla, na kabla hujaota mikono zimeshazimika.

"Kaka," Mabua alimwambia kaka yake, aliyekuwa bado amejifunika shuka kwenye kochi, "si ulisoma ufundi wewe?"

"Nilisoma. Nina cheti."

"Na alama ulipata nzuri."

"Nzuri sana."

"Basi tengeneza mlango."

Kaka aligeukia ukutani. "Mlango hausomi vyeti, mdogo wangu."

Mama alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha lenye mwiba ndani. Kaka alikuwa amemaliza sekondari katika shule hiyohiyo ya Mabua. Alipokwenda kuomba kazi kwa seremala wa barabarani, alipewa randa na ubao, akaambiwa alainishe. Akaishika randa chini juu. Vijana wa pale walicheka hadi wakaegemea ukuta. Tangu siku hiyo kaka alipita njia ya nyuma, akikwepa karakana ile kama mtu anayekwepa mbwa.

Mabua hakuwa amemlaumu kaka yake hata siku moja, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akifundishwa vilevile. Shule ilikuwa na karakana kubwa yenye madirisha mapana na kabati la chuma. Ndani ya kabati kulikuwa na misumeno, randa na patasi mpya kabisa, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa Mwalimu Mkuu, "ili vifaa visichakae." Wanafunzi walichora. Walichora msumeno, wakaandika majina ya sehemu zake, wakapaka meno yake rangi. Msumeno ukila ubao unatoa sauti gani, hawakujua.

Mwalimu wao wa ufundi walimwita Mwalimu Bandeji, kwa sababu kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa muhula mzima. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa ufundi alipostaafu, somo lake lilitafuta pa kuangukia, likamwangukia yeye. Alikuwa mpole na alijitahidi. Baada ya masomo, yeye, Mabua na rafiki wa Mabua, msichana mrefu mwembamba aliyeitwa Rula, walikuwa wakibaki nyuma ya jiko la shule na kujaribu kutengeneza stuli. Walikuwa na msumeno wa kukatia kuni, kisu cha kumenyea viazi na jiwe badala ya nyundo. Hapo ndipo kidole kilipopata bandeji.

Stuli ilikamilika. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Ukikaa inayumba mbele, ukijiweka sawa inayumba nyuma. Lakini Mabua aliitazama kama mtu anavyomtazama mdogo wake anayeanza kutembea.

Kisha Mwalimu Mkuu akatangaza habari mstarini. Mkufunzi kutoka chuo cha ufundi angekuja Alhamisi kuitembelea shule. Chuo kilikuwa na nafasi kumi na mbili za wanafunzi na moja ya mwalimu, likizo nzima, kujifunza kwa vifaa na mashine. Atakayefanya vizuri angepokelewa chuoni moja kwa moja baada ya kumaliza shule.

Mabua hakusikia tangazo lililofuata. Alikuwa ameshafika chuoni, ameshavaa aproni.

Jumatano mchana mkokoteni uliingia langoni ukiwa umesheheni samani: kiti chenye mgongo wa nakshi, kabati la vitabu, meza ndogo iliyong'aa kama imelambwa. Mwalimu Mkuu alikuwa amezikodi kwa muuza samani. Alizipanga karakanani, akarudi nyuma, akazitazama kwa kichwa kilichoinama upande, kisha akaanza kugawa wanafunzi.

"Wewe utasimama kwenye kabati. Rula, wewe kwenye meza. Mabua, kiti hiki. Mgeni akikuuliza, utasema umekitengeneza wewe."

"Mwalimu, hivi si vyetu," Mabua alisema.

"Kesho vitakuwa vyetu."

"Na keshokutwa?"

Darasa likacheka. Mwalimu Mkuu hakukasirika. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye koti lililopigwa pasi hata siku za joto, na alipenda kueleza mambo. "Mgeni akija kwenu, Mabua, hamumtandikii shuka safi?"

"Tunatandika, Mwalimu. Lakini shuka letu."

Safari hii darasa halikucheka. Mwalimu Mkuu alitazama huku na huko akitafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake, macho yake yakaiona stuli pembeni. "Na hiki kichekesho kiondoke. Kipelekwe jikoni, kuni hazitoshi."

Mabua alimgeukia Mwalimu Bandeji. Mwalimu Bandeji alikuwa akichunguza kidole chake.

Alimfuata hadi nje. "Mwalimu, na wewe umekubali?"

"Mkubwa ameshasema."

"Lakini umeumia kidole kwa ile stuli."

"Mabua," alisema taratibu, "ile nafasi moja ya mwalimu naitaka kuliko unavyoitaka wewe ya kwako. Kila siku nasimama mbele yenu nikifundisha kitu ambacho sikijui. Unajua ilivyo? Ni kama kumwongoza mtu gizani huku na wewe umefumba macho. Acha kesho ipite salama."

Mabua aliondoka bila kuaga. Alikuwa amekasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa anamwelewa.

Jioni alimweleza kaka yake. Kaka aliketi.

"Kiti chenye nakshi ya majani mgongoni?"

"Umekijuaje?"

"Mimi nilisimama kwenye kabati," kaka alisema. "Rafiki yangu ndiye aliyesimama kwenye hicho kiti. Tulipigiwa makofi mengi. Ndiyo alama yangu nzuri hiyo."

Mabua hakulala vizuri. Alikuwa amedhani kaka yake hakujifunza kwa uvivu wake kidogo na bahati mbaya kidogo. Kumbe alinyimwa. Mtu mzima alikaa na ufunguo mfukoni, mtoto akaenda kuchekwa barabarani.

Alhamisi mkufunzi alifika. Alikuwa mwanamke wa umri wa Mama, amechomeka penseli kwenye kilemba, na alipita kati ya samani bila kusifu kwanza. Aliinamisha meza akatazama chini yake. Alipitisha kidole kwenye pembe za kabati. Alipofika kwa Mabua, alikipindua kiti miguu juu.

"Umekitengeneza wewe, mwanangu?"

Mabua alimtazama Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akitabasamu. Alimtazama Mwalimu Bandeji, aliyekuwa amefumba macho kama anayesubiri sindano. Nafasi kumi na mbili zilikuwa pale pale, mbele yake, zinapumua.

"Ndiyo," alisema.

Neno lilikuwa chungu mdomoni kama kidonge kilichotafunwa badala ya kumezwa.

"Hongera. Hata wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hawaungi hivi."

Alipomaliza, mkufunzi alipangusa mikono yake na kuwageukia wote. "Nimefurahi sana. Nilikuja na wasiwasi, lakini shule hii haina shida. Mwalimu Mkuu, nitakuwa mkweli kwako: nafasi zetu ni za wanaoanza. Watoto hawa wameshapita huko. Nafasi hizi nitazipeleka kwa shule ambayo watoto bado wanapinda misumari. Nyie endeleeni hivihivi."

Tabasamu la Mwalimu Mkuu lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mkufunzi alipeana mikono, akaanza kuelekea kwenye gari lake.

Endeleeni hivihivi. Mabua alilisikia likijirudia. Hivihivi kaka yake. Hivihivi yeye mwaka kesho, ameshika randa chini juu. Hasira ilimpanda kutoka miguuni, na siku hiyo haikuwa ya mabua. Ilikuwa hasira ya gogo, ile inayowaka polepole na haizimwi kwa kikombe cha maji. Alimkasirikia Mwalimu Mkuu, akamkasirikia Mwalimu Bandeji, na zaidi ya wote akajikasirikia yeye mwenyewe, kwa lile "ndiyo."

Alikimbilia jikoni.

Mpishi wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Mama Sufuria, alikuwa akimenya viazi. Alikuwa amekaa juu ya stuli. Chini ya ule mguu mfupi alikuwa ameweka kipande cha kasha kilichokunjwa.

"Shikamoo, Mama Sufuria. Naomba stuli yangu."

"Marahaba. Na mimi nikae wapi, kichwani kwako?"

"Walisema uichome."

"Walisema. Nikajiuliza, nichome kitu cha kukalia halafu nimenye viazi nimesimama kama askari?" Aliona uso wa Mabua, akainuka. "Chukua. Lakini irudi. Mgongo wangu umeshaizoea."

Mkufunzi alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Mabua aliitua stuli mbele yake, akihema.

"Nimekudanganya," alisema. "Kile kiti si changu. Sijui hata kilitengenezwa vipi. Changu ni hiki."

"Mabua," Mwalimu Mkuu alisema, "rudi darasani."

"Nitarudi, Mwalimu. Lakini zile samani zimekodiwa, na kaka yangu alisimama nazo kabla yangu. Akapewa alama nzuri na hajui kushika randa. Sasa analala mpaka jua linamchoma." Aliisogeza stuli karibu zaidi na mkufunzi. "Sisi hatujapita huko, mama. Hatujaanza."

Mkufunzi alifunga mlango wa gari polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika, wala haukuwa wa kuhurumia.

"Kwa hiyo nimesimama pale nikimsifu mtoto kwa kazi ya mtu mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukazipokea sifa."

"Ndiyo."

"Hizo 'ndiyo' zako mbili nazipenda kuliko ile ya kwanza." Alimgeukia Mwalimu Mkuu. "Nieleze, mzee wangu."

Mwalimu Mkuu alinyoosha koti ambalo halikuwa limekunjamana. "Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba," alisema. "Niliogopa mngetucheka."

"Mficha maradhi kilio humfichua," Mama Sufuria alijibu kutoka nyuma. Alikuwa ameifuata stuli yake, bado ana kiazi mkononi.

Hapo Mwalimu Bandeji alisogea mbele. Alizungumza akitazama chini. "Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ufundi sikusomea. Hii stuli ndiyo kitu cha kwanza kutengeneza maishani mwangu, na huyu mtoto alifanya sehemu kubwa. Nilipaswa kusema haya jana. Nilinyamaza kwa sababu niliitaka nafasi."

Mkufunzi alikaa juu ya stuli. Ikamyumbisha mbele, ikamrudisha nyuma. Rula aliziba mdomo. Mkufunzi aliinuka, akaipindua, akapekua miguu mmoja mmoja, na kwenye mguu wa mwisho akasimama. Hapo hapakuwa na msumari. Ubao ulikuwa umechongwa ulimi, ukaingia kwenye tundu lake na kukaa.

"Nani alichonga ulimi huu?"

"Mimi," Mabua alisema.

"Kwa patasi gani?"

"Kisu cha viazi."

"Changu," Mama Sufuria alisema. "Ndiyo maana siku hizi hakikati hata maji."

"Patasi hamna?"

Mabua alimwacha mtu mwingine ajibu, kwa kuwa yeye alikuwa amesema vya kutosha.

"Zipo," Mwalimu Mkuu alisema mwishowe.

Walirudi karakanani. Ufunguo ulikataa mara ya kwanza, maana kufuli lilikuwa limeshika kutu. Kabati lilipofunguka, patasi zilikuwa bado kwenye karatasi zake za kiwandani zenye grisi, zimepangwa kwa ukubwa, hazijawahi kuguswa. Mkufunzi alitoa moja, akaishika mkononi muda mrefu.

"Uongo wa leo nitausahau," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko wakati wote. "Hii sitaisahau. Patasi haichakai kwa kutumiwa, mzee wangu. Inanolewa. Mtoto ndiye anayechakaa kwa kusubiri. Umevitunza vyuma, ukaacha watoto wakashika kutu."

Mwalimu Mkuu aliutazama ufunguo mkononi mwake. Mabua alitegemea kufurahi kumwona hivyo. Hakufurahi. Alitaka tu kabati libaki wazi.

"Sikilizeni," mkufunzi alisema. "Samani zirudi kwa mwenyewe leo, na nyie ndio mtakaozisukuma. Kabati lisifungwe tena wakati wa somo. Alhamisi ijayo nitapita. Nataka nione kitu kilichotengenezwa humu ndani, kwa mikono iliyo humu ndani. Na nikikuta kimenyooka kupita kiasi, nitageuza gari."

Jioni ile watu wa mtaani waliona jambo geni: mkokoteni wa samani umezungukwa na wanafunzi, na mbele kabisa, ameshika mpini, mzee aliyevua koti. Hakuna aliyemwambia avue. Rula alimnong'oneza Mabua kwamba shati la Mwalimu Mkuu lina kiraka mgongoni. Mabua akamkanyaga mguu anyamaze.

Wiki ile karakana ilinuka mbao kwa mara ya kwanza. Walikata vibaya, wakakata tena. Mwalimu Bandeji alipata bandeji ya pili. Alhamisi mkufunzi alikuta benchi refu lililopinda katikati kama mgongo wa punda. Alilizunguka, akalikalia. Likalia, lakini likasimama.

"Baya," alisema. "Baya lenu wenyewe. Nafasi mnazo."

Zilikuwa kumi, si kumi na mbili. Mbili alikuwa ameshaziahidi shule nyingine kwa simu siku ile alipodanganywa, kabla Mabua hajamfikia garini, na hakuzirudisha. Mwalimu Mkuu ndiye aliyewaambia wale wawili waliokosa. Mmoja alilia, na mzee alisimama naye ukumbini mpaka akanyamaza, akimwahidi kwamba kabati litabaki wazi likizo nzima na yeye mwenyewe atakuwepo.

Chuoni, Mabua na Mwalimu Bandeji walipangiwa meza moja ya kazi, aproni za rangi moja. Siku ya kwanza ya kutumia randa, mwalimu alinyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Samahani, hii inashikwa upande gani?"

Vijana wa chuo walianza kucheka. Mkufunzi aligonga meza mara moja kwa penseli.

"Mcheke," alisema, "halafu mnisikilize. Huyu amesema 'sijui' mbele ya wanafunzi wake. Kwa dakika hii moja atajua, na wote atakaowafundisha watajua. Mwingine angenyamaza kulinda heshima, na kizazi kizima kingeshika randa chini juu kwa ajili ya heshima yake. Kutojua ni mwanzo wa kazi. Anayeuficha mwanzo hafiki popote." Kisha akamshika mwalimu mikono na kuiweka panapostahili.

Jumapili ya kwanza nyumbani, Mabua alirudi na bisibisi ya kuazima na skrubu nne ndefu alizopewa chuoni. Aliziweka mezani mbele ya kaka yake.

"Nishikie mlango."

"Mimi sijui hayo mambo."

"Najua hujui. Hukufundishwa. Nishikie, nikuonyeshe."

Kaka alimtazama kwa muda. Pengine alitafuta dharau usoni mwake. Hakuiona, akainuka kwenye kochi. Skrubu mbili za mwanzo zilikaa upande, wakazitoa. Ya tatu kaka aliikaza mwenyewe, ulimi umemtoka kinywani kama mtoto anayeandika jina lake. Walibishana juu ya ya nne mpaka ikaingia.

Asubuhi Mama alikuja jikoni akiwa bado na usingizi. Aliushika mlango kwa mikono miwili, akaunyanyua kwa nguvu zake zote kama alivyozoea. Mlango ukafunguka kama upepo, Mama akaingia jikoni kwa kasi, akajikuta amelikumbatia kabati la vyombo.

"Nani kaugusa mlango wangu?"

Kaka na Mabua walikuwa wamesimama kizingitini, hawawezi kuongea kwa kicheko. Mama aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Haukulia.

"Haya," alisema, akimtazama Mabua. "Bibi yako alikosea. Alidhani hasira zako zinawaka na kuzimika bure. Hasira si mbaya, mwanangu, kama umeiweka chini ya sufuria na si chini ya paa. Umekasirikia uongo, ukaanza na wa kwako mwenyewe. Hiyo ndiyo hasira inayopika." Kisha akamgeukia kaka. "Na wewe, nani alikwambia umemaliza? Dirisha la chumbani kwangu nalo halijafungika mwaka mzima."

Kaka alichukua bisibisi.